Ziwa Lina Wivu

Mama yangu aliuza maziwa yaliyo vifuani mwa watu. Ndivyo nilivyokuwa nikimtania, naye akicheka, enzi zile nyumba yetu ilipokuwa bado inajua kucheka. Kazi yake hasa ilikuwa kupika dawa ya kuongeza maziwa kwa mzazi: mbegu za uwatu, shamari, na majani ya mlonge yaliyokaushwa kivulini. Aliviloweka, akavichemsha kwa moto mdogo mpaka maji yakawa mazito na meusi, akayachuja kwa kitambaa, kisha akayatia kwenye chupa ndogo zenye kifuniko cha kudondoshea. Watu wakampa jina la Mama Matone, na jina likamkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuosha chupa na kukamua kitambaa. Uwatu ukishakuingia mwilini hautoki. Hata jasho langu lilinukia utamu, na kwenye foleni yoyote watu waligeuka kutafuta nani kabeba keki. Nilirudi kwa mama baada ya ndoa kunishinda. Sikuwa nimepata mtoto, na hilo watu walilijua kabla hawajajua kama mimi ni mzima au mgonjwa.

Ile dawa sikuidharau, naomba nieleweke. Wapo waliokunywa wakafurika mpaka wakalowesha mashuka. Wapo pia waliokunywa wakaishia kukojoa tu. Mama aliwakumbuka wale wa kwanza, na hao wengine alisema hawakufuata masharti.

Sharti kubwa lilikuwa moja. "Ziwa lina wivu," aliwaambia wateja. "Ukimpa mtoto maziwa ya kopo, ziwa linasusa. Dawa na kopo havikai nyumba moja." Alilisema hilo kwenye geti la zahanati, alipokaa na kikapu chake asubuhi akina mama walipotoka kupima watoto, na alilisema nyumbani mchana, pale sebuleni kwetu, kwenye benchi refu lililoelekea kabati la vioo lenye chupa zake.

Kisha wifi yangu akajifungua.

Wifi yangu ni mke wa kaka yangu, fundi bomba. Ni mwanamke mpole wa kupitiliza. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Walikaa nasi, chumba cha nyuma karibu na bafu. Tangu mimba yake ilipoonekana, mama alikuwa ameshatangaza mtaa mzima kwamba mjukuu wake atanyonya mpaka aombe poo. Wateja walisubiri kuliona hilo, tena kwa hamu.

Maziwa hayakuja. Yalitoka matone machache ya manjano, kisha kimya. Mama akaongeza dawa, kutoka matone hadi kijiko, kutoka kijiko hadi bilauri. Wifi alikunywa mpaka macho yakamtoka, akatoa jasho lenye harufu tamu chumba kizima, na matiti yakabaki kama yalivyo. Mtoto alilia sana siku za mwanzo. Baadaye akaanza kulia kidogo, na kulia kidogo ndiko kulikonitisha. Mimi ndiye niliyefua nepi zake, na ikafika siku sikuwa na cha kufua.

"Mama, twende naye zahanati akapimwe," nilisema.

"Zahanati ipi? Hiyo ninayouzia getini?" Mama alikuwa anafunga kifuniko cha chupa, hakuinua hata kichwa. "Nesi amning'inize mjukuu wangu kwenye mizani mbele ya wateja wangu, waseme mganga hajigangi? Mwanangu, njaa ya nyumba hii unaitaka?"

"Njaa anayo mtoto."

"Maziwa yatakuja. Mimi nilimnywea nani dawa hii kama si wewe? Ulinyonya mpaka ukawa unatembea unakuja kunivua nguo mwenyewe."

Hiyo ilikuwa kweli, na hapo ndipo palipokuwa na ubaya wake. Mama hakuwa tapeli. Tapeli angekuwa nafuu, maana tapeli anajua anapodanganya. Mama alimviringisha mtoto blanketi juu ya blanketi ili aonekane ana mwili, akampakata sebuleni kwenye joto lile, na wageni waliochungulia wakaona uso tu, tena mdogo kama ngumi, wakasema mashaallah, Mungu amkuze.

Halafu mambo yakageuka ghafla. Mtoto alianza kulia kwa nguvu, kama mtu mwenye madai. Nepi zikarudi kwenye beseni langu zimelowa. Mashavu yakajaa, mikono ikaanza kujikunja vifundo, na kabla hatujakaa sawa jina lake likawa Bonge. Mama alikuwa amepika dawa mpya siku hizo, ameichemsha mpaka ikabaki nusu, akaiita Nzito. Sababu ya mtoto kunawiri basi ikawa Nzito, nani angebisha? Alimwita mpiga picha, Bonge akapigwa picha akiwa na nepi tu, na picha ikabandikwa kwenye kila chupa. Biashara ni matangazo, na tangazo letu lilikuwa na mashavu mawili na linacheka. Wanawake wakaja hata kutoka mitaa ambayo sisi wenyewe hatujawahi kufika.

Mmoja wao alikuwa fundi cherehani. Tulimwita Fundi tu. Alikuwa bado kijana, mkimya, ana nyuzi zimemganda kwenye gauni kila alipokuja. Binti yake mchanga alikuwa mwembamba, ana macho makubwa yanayokutazama bila kupepesa.

"Nesi kaniambia nimnyonyeshe kwanza, halafu nimwongezee kopo," alimwambia mama. "Anasema maziwa yangu yapo, yanachelewa tu. Nimempa kopo, anapata nafuu. Ila natamani anyonye yangu."

"Na ndiyo maana yanachelewa." Mama alimwekea Nzito mkononi, akamgeuzia chupa aione picha. "Unamwona huyu? Huyu hajui kopo lina rangi gani. Acha kopo. Ziwa lina wivu, mwanangu. Vumilia siku chache za kilio, utanishukuru."

Fundi aliitazama ile picha namna ambayo sitaki kuisimulia. Alirudi wiki iliyofuata kuongeza chupa, akarudi tena. Kila aliporudi, binti yake alikuwa amepungua kidogo na kuwa mtulivu zaidi. Mama akasema utulivu ni shibe.

Siku ya mwisho niliyomwona Fundi amempakata binti yake, niliingia bafuni kuchota maji ya kusuuzia chupa. Bomba lilikuwa linamwagika kwa kelele, na mlango haukuwa umekaza. Nikausukuma. Wifi alikuwa amekalia ndoo iliyofunikwa, Bonge mapajani, na mdomoni mwa Bonge kulikuwa na chupa ya plastiki yenye chuchu. Kopo la maziwa ya unga lilikuwa limewekwa kwenye mfuko wa kazi wa kaka yangu, katikati ya spana.

Nilisimama pale na ndoo yangu kama mjinga. Kumbe kila bomba lilipofunguliwa mchana kutwa, nikadhani wifi ana usafi wa ajabu, mtoto alikuwa anakula.

"Wifi, nakuomba," alisema, na mkono wake ulikuwa umeshanishika khanga. "Alikuwa anakufa. Kaka yako ndiye analeta. Mama akijua atalitupa kopo, na mwanangu atarudi kwenye njaa."

"Umefanya vizuri," nilimwambia, na nilimaanisha. "Mwanao kapona. Ila wa Fundi yuko sebuleni sasa hivi, ameachishwa kopo kwa sababu ya picha ya huyu. Njoo useme."

"Siwezi."

"Basi nitasema mimi."

Nikatoka. Sebule ilikuwa imejaa, benchi zima wanawake na watoto, na Fundi alikuwa mwishoni karibu na mlango. Mimi sijui kuzunguka mbuyu. Nilisema pale pale, kwa sauti: Bonge ananyweshwa kopo bafuni, dawa haikumnenepesha, mwenye mtoto anayekonda aende zahanati leo, asisubiri kesho.

Mama hakubadilika uso. Aliita tu, "Mama Bonge! Hebu njoo."

Wifi akaja na mtoto begani, shavu la mtoto bado limelowa.

"Wifi yako hapa anasema unampa mjukuu wangu kopo. Waambie wenzio."

Nilimtazama wifi. Sikuwa namwombea mabaya. Naapa kwa aliyeniumba, nilikuwa namwombea ujasiri wa dakika moja. Akanitazama, akamtazama mama, akaliangalia benchi na zile nyuso zote zilizomgeukia.

"Hapana," alisema. "Ni dawa ya mama."

Benchi likapumua. Mwanamke mmoja akacheka kidogo, akasema, "Mawifi hao!" Mwingine akaongeza, akidhani sisikii, kwamba asiye na mtoto hampendi mwenye mtoto, hilo halihitaji kusomewa. Na likaishia hapo. Ningekuwa jirani, ningeaminiwa. Ningekuwa mpita njia, pengine wangeulizana. Lakini neno la wifi juu ya wifi halina uzito kwa watu wetu. Linapimwa kabla halijatoka mdomoni na kuitwa wivu. Fundi alinyanyuka, akamfunika binti yake vizuri, akachukua Nzito yake akaondoka.

Nilimfuata mama jikoni.

"Mama, nenda bafuni ukaangalie mwenyewe kwenye mfuko wa kaka."

"Nikaangalie nini?" Alikuwa anakoroga sufuria. "Unaniona mjinga? Bomba ni langu, maji ni yangu, yanamwagika mchana kutwa na mimi nisijiulize?"

Mwanzo sikumwelewa. Nilipomwelewa, nikakaa kwenye gunia la mlonge.

"Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza. Ningemwacha mjukuu wangu afe?"

"Na yule binti wa Fundi?"

Mwiko ukasimama kidogo, kisha ukaendelea. "Yule maziwa yake yatakuja. Dawa inasaidia, wewe hujui ni wangapi nimewasaidia. Na wengine wakisikia kopo limeingia nyumba hii, hata wale ambao ingewasaidia wataiacha. Nimeacha wachache wasubiri kwa faida ya wengi. Hayo usiyoyazaa huwezi kuyajua."

Hilo la mwisho alilisema makusudi, na lilinipata. Lakini sikukaa nalilia. Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Fundi. Alikuwa na chumba kimoja chenye mlango wa barabarani: cherehani ya kukanyaga, nguo za shule ambazo hazijakamilika zimetundikwa misumarini, na nyuma ya pazia kitanda. Binti yake alikuwa amelazwa kwenye kikapu cha vitambaa. Nilibeba kopo la maziwa, jipya, nikaliweka juu ya meza ya kukatia.

"Fundi, mpe huyu mtoto. Usinipende, mpe tu."

Aliacha kukanyaga. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nazo. "Dada, nakushukuru. Naelewa. Nasikia nawe ulitamani mtoto hukujaaliwa. Pole sana." Akalirudisha kopo mikononi mwangu kwa adabu kabisa, kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi. "Mama kaniambia hizi ndizo siku za mwisho za kuvumilia. Nikichanganya sasa nitakuwa nimeharibu yote."

Nilimwinamia mtoto. Nilimfinya shavu taratibu, ngozi ikabaki imesimama pale nilipoiacha. Nikatoka mbio mpaka zahanati, nikapita geti ambapo mama alikuwa amekaa na kikapu chake, akaniona, nikamtafuta yule nesi wa mizani. Nesi hakuniuliza mimi ni wifi wa nani. Alivua aproni akaja nami. Alipomwona mtoto alimtukana Fundi, akamtukana na aliyemtuma, huku anamfunga mtoto kifuani mwake mwenyewe, na tukaenda hospitali kubwa wote watatu. Walimtia mpira puani. Walihangaika naye, sitasema hawakuhangaika. Alifariki siku iliyofuata, mchana, watu wakiwa wanakula.

Mama hakufunga biashara. Alituma rambirambi kwa mkono wa kaka yangu na akaniambia kila mtu ana siku zake. Nilimchukia mama yangu siku zile, na chuki ya mtu unayefua nguo zake na kula chakula chake haina mahali pa kukaa. Inakuzunguka tu ndani ya nyumba. Nesi alilisambaza neno pale zahanati, wateja wakapungua, benchi likawa na nafasi. Wifi hakutoka chumbani. Kaka alikuwa anatoka asubuhi na kurudi giza, akituamkia kwa mguno.

Msiba ulipokwisha, Fundi akaja.

Alipiga hodi kama kawaida, akaketi pale pale alipozoea, mwishoni mwa benchi. Mikono hakujua aiweke wapi. Nilikuwa nafuta vioo vya kabati. Mama alikuwa kwenye kiti chake.

"Pole, mwanangu," mama alisema.

"Nimekuja kukuomba radhi, mama."

Nikaacha kufuta.

"Kuna siku nguo za shule zilinizidi, nikasahau kunywa ya mchana," alisema Fundi. "Na siku nyingine niliinywa ikiwa imepoa. Sikukwambia. Umehangaika na mimi, na watu sasa wanakusema vibaya, na kosa ni langu. Nikaona si haki."

Mama alifungua mdomo. Ninaamini, kwa sababu ni mama yangu na sina mwingine, kwamba alitaka kusema kweli. Lakini alichotoa kilikuwa: "Mungu ndiye mpaji."

Hapo pazia la chumba cha nyuma likafunguka. Wifi alikuwa amesimama na Bonge mkononi. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Alikuwa analia bila sauti.

"Si wewe, Fundi," alisema. "Hukukosea kitu. Mimi nilikuwa nampa kopo. Siku ile nilikudanganya mbele ya watu. Wifi alisema kweli."

Nilisubiri Fundi apige kelele. Nilitaka apige kelele, avunje lile kabati ninalolifuta, ningemshikia kiti apande. Yeye akanigeukia mimi.

"Ulisema," aliniambia. "Tena ulikuja hadi kwangu. Mimi nikaona ni mambo ya mawifi."

"Ndiyo," nilisema.

Bonge hakujua kinachoendelea. Muda wake wa kula ulikuwa umepita, na hakuwa mtoto wa kusubiri. Akaanza kulia, kile kilio chake cha madai, kikajaa sebule nzima. Wifi akamtikisatikisa, akageuka kurudi ndani kumtengenezea, na safari hii hata hakufikiria bomba.

Ndipo nikaona gauni la Fundi. Lilikuwa la kijivu. Mbele, kifuani, palitokea doa upande mmoja, kisha upande wa pili, na madoa yakatanuka huku tunaangalia. Yeye mwenyewe alijitazama kama mtu aliyemwagikiwa na kitu cha mwenzake.

"Yalikuja tulipotoka kumzika," alisema. "Nikisikia mtoto wa mtu yeyote analia, yanatoka. Hata barabarani."

Bonge alizidi kulia.

"Mlete," Fundi akamwambia wifi. "Yananiuma. Mlete tu."

Wifi alimleta. Alipiga magoti akamweka kwenye mapaja ya Fundi kama anayerudisha kitu cha wizi. Fundi akafungua vifungo. Bonge alikataa kwanza, akageuza kichwa kutafuta chuchu ya plastiki, kwa maana kifua kwake kilikuwa mahali pa kulilia tu. Kisha akaonja. Akanyamaza, akashika kwa mikono yote miwili, na tukaanza kumsikia anavyomeza, funda kubwa kwa funda, maziwa mengine yakimvuja pembeni mwa mdomo.

Mama alikuwa amesogea mbele kwenye kiti chake. Aliyatazama yale maziwa yanavyovuja, uso ukaanza kumng'aa, na nikauona mdomo wake unafunguka. Nilijua neno linalokuja: dawa. Nililijua kama ninavyoijua sauti yake.

"Mama," nikamwambia. "Usithubutu."

Akaufunga. Fundi hakutusikia, au alisikia akaona halimhusu. Bonge alipomaliza upande mmoja, alimgeuza akampa wa pili.